HAKI KATIKA KUPANGA MAENEO YA BIASHARA MJINI

(Mada kwa viongozi wa walei)



Tumeombwa kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa kawaida huachiwa maafisa mipangomiji: kanuni zinazoamua ni wapi katika Dar es Salaam mtu anaruhusiwa kufanya biashara, na biashara ya namna gani. Huenda baadhi yenu mkajiuliza jambo hili lahusianaje na haki na amani. Lahusiana sana. Mama lishe anayemwagiwa chakula chake, fundi wa gereji anayeamriwa kuhama asijue aende wapi, mzee asiyepata usingizi kwa kelele za baa iliyofunguliwa ubavuni mwa nyumba yake: wote hawa wanaguswa na kanuni hizo hizo.

1. Tulikotoka

Mgawanyo wa maeneo katika mji huu haukuanza kwa nia ya usawa. Kanuni za ujenzi za Wajerumani, za mwaka 1891 na za mwaka 1914, ziliutenga mji kwa kufuata aina ya majengo, na Waingereza wakaurithi utaratibu huo. Eneo la kwanza likawa la nyumba za Kizungu. La pili likawa la maduka na makazi, ambako Wahindi walikuwa wengi. La tatu, yaani Kariakoo na jirani zake, likawa la Waafrika. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kutenganisha. Kanuni zilitaja kuta na mapaa tu. Lakini kila mtu alijua ni nani awezaye kujenga kwa mawe na ni nani asiyeweza. Twajifunza hapa kwamba kanuni yaweza kuandikwa kwa maneno ya kitaalamu matupu, na bado ikawa imekwisha kuamua nani apate na nani akose.

Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, juu ya Mpango wa Pili wa Maendeleo, yajulikana kwa jina la "Kupanga ni Kuchagua". Jina hilo peke yake latosha kuwa somo. Swali letu ni hili: nani anachagua, na kwa ajili ya nani?

2. Kanuni zilizoachwa nyuma

Mpango Kabambe wa jiji wa mwaka 1979 uliandaliwa wakati sensa ya 1978 ilikuwa imehesabu watu 843,090 katika mkoa mzima. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Miongo ilipita kabla ya kuandaliwa mpango mwingine, ule wa kipindi cha 2016 hadi 2036. Wananchi hawakungoja. Sinza, iliyopimwa miaka ya 1970 iwe eneo la makazi, imejaa maduka, baa na nyumba za wageni. Kariakoo, nyumba za Kiswahili zimepisha maghorofa ya biashara. Kwingineko sebule imekuwa saluni, na ukuta wa uani umetobolewa ukawa mlango wa duka.

Maisha yanapobadilika na kanuni ikabaki vile vile, haiwazuii watu. Inawafanya wote kuwa wakosaji. Na mkosaji hana sauti. Hawezi kudai stakabadhi, hawezi kukopa benki kwa biashara isiyo na leseni, wala hawezi kumkatalia mgambo anayeomba "chai". Hapo ndipo rushwa inapopata makao ya kudumu.

Mahali pa mpango hushikwa na matangazo. Kuanzia Desemba 2018 wamachinga waliuziwa vitambulisho kwa shilingi 20,000, na ikaagizwa wasibughudhiwe. Oktoba 2021 wakaondolewa katika barabara za Kariakoo. Hatusemi kwamba njia za waenda kwa miguu zibaki zimezibwa. Tunasema kwamba maskini hawezi kupanga maisha yake juu ya amri inayogeuka ndani ya miaka mitatu. Tena, kumwonyesha mtu mahali pengine hakutoshi. Jengo la Machinga Complex, pale Ilala, lilibaki na vizimba vingi vitupu kwa miaka, kwa sababu wateja hawakupita huko. Mchuuzi huishi kwa mpita njia. Akitengwa naye, amenyimwa soko hata kama amepewa paa.

3. Haki mbili zinazokutana

Lakini tusiwe wasikivu kwa upande mmoja tu. Mgawanyo wa maeneo, ukiwa wa haki, humlinda mnyonge. Familia isiyo na uwezo wa kuhama ndiyo inayovuta moshi wa karakana ya jirani. Mtoto wa shule ndiye anayeshindwa kusoma kwa sababu ya muziki. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa lenye maduka liliporomoka Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakafariki dunia. Msiba ule watukumbusha kwamba ukaguzi wa majengo ni ulinzi wa uhai, wala usionekane kuwa usumbufu kwa wenye biashara.

Kwa hiyo hatudai kanuni zifutwe. Tunadai zipitiwe upya, tukizingatia mambo manne.

Kwanza, biashara ipimwe kwa madhara yake. Cherehani barazani na duka la rejareja havimdhuru jirani. Baa na karakana ya kuchomelea vyaweza kumdhuru. Visiwekwe katika fungu moja.

Pili, masoko yafuate watu: vituo vya daladala, hospitali, njia kuu.

Tatu, ada na muda wa kupata kibali cha kubadili matumizi ya kiwanja vibandikwe wazi katika ofisi ya mtaa, kwa Kiswahili chepesi.

Nne, waliokwisha kuwapo wapewe muda wa kutosha wa kujirekebisha kabla ya kuondolewa.

4. Wajibu wetu

Sheria ya Mipangomiji, Namba 8 ya mwaka 2007, inaitaka mamlaka ya upangaji ikutane na wadau kabla ya kuandaa mpango. Lakini mara nyingi anayefika kikaoni ni mwenye hati. Mpangaji wa fremu na mchuuzi wa barazani hupata habari siku ya bomoabomoa. Mafundisho ya Kanisa, tangu Papa Pius XI mwaka 1931, yanasisitiza kwamba yale ambayo jumuiya ndogo zaweza kuyatenda yasinyakuliwe na walio juu. Basi mkutano wa mtaa si mahali pa kupiga kura na kuondoka. Ndipo yatupasa tuwapeleke wasio na hati wakasikilizwe.

Tukumbuke pia kwamba parokia nazo zina viwanja. Parokia inayojenga vyumba vya maduka kando ya barabara ni mmiliki kama wengine. Iombe kibali kama wengine, na mkataba wake na mpangaji uwe wa maandishi. Hatuwezi kumdai diwani uadilifu tusioutimiza kwenye uzio wetu.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika mtaa wetu, ni biashara zipi zinazowasaidia majirani, na zipi zinazowaumiza?
2. Je, twajua kiwanja tunachokaa kimepangiwa matumizi gani? Nani atakwenda kuuliza katika halmashauri?
3. Ni nani kati yetu hajawahi kuhudhuria mkutano wa mtaa, na ni nini kinachomzuia?
4. Kanuni zikipitiwa upya, tutamsemeaje mchuuzi asiye Mkristo, au asiye mwenyeji wa mtaa wetu?