Mafiga Mawili Hayainjiki Chungu

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Kitui na Makueni

Leo tumekuja kuzungumza juu ya ushirikiano katika matibabu. Kila mkutano tunaambiwa serikali, mashirika na wananchi washirikiane. Ni neno zuri. Lakini nani analeta nini?

Tuliwahi kutembelea kikundi kimoja kilichojenga zahanati kwa mwethya. Walichimba msingi, wakasomba mchanga na maji kwa punda. Nyumba ikaisha, mabati yakang'aa. Muuguzi hakuja. Dawa hazikuja. Tulikuta kufuli mlangoni na mbuzi wamelala barazani, na akina mama wajawazito bado wanapelekwa mbali usiku kwa pikipiki. Kosa lilikuwa wapi? Kila mmoja alidhani mwenzake ameahidi. Hakukuwa na karatasi hata moja.

Mafiga mawili hayainjiki chungu. Figa la kwanza ni serikali, yenye kodi zetu na wafanyakazi. La pili ni makanisa, mashirika na wenye maduka ya dawa. La tatu ni sisi wenyewe.

Hebu tuangalie yaliyowezekana. Mwaka 1986 makanisa ya Kenya, Wakatoliki na Waprotestanti, yalianzisha pamoja MEDS, ili dawa zinunuliwe kwa wingi na kuuziwa hospitali zao kwa bei nafuu. Baada ya ugatuzi wa mwaka 2013, hata kaunti kadhaa zilinunua dawa huko.

Makueni nako, mwaka 2016 kaunti ilianzisha MakueniCare. Jamaa moja ilijiandikisha kwa shilingi 500 kwa mwaka, ikatibiwa katika hospitali za kaunti. Sasa, shilingi 500 zitalipia upasuaji? Haziwezi! Nyuma yake kulikuwa na fedha za kaunti. Mchango wetu mdogo ulifaa kwa sababu mwenye mkono mkubwa naye alitoa.

Tangu Oktoba 2024, SHA imechukua mahali pa NHIF. Mpango ulivyo, aliyejiandikisha hatozwi kitu kwa matibabu ya zahanati na kituo cha afya; serikali ndiyo hulipa. Lakini kulazwa katika hospitali kubwa kunataka uwe umelipa mchango wa mwaka. Kwa asiye na mshahara, mchango hukadiriwa kulingana na hali ya nyumba, na hauwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kuzitoa kwa mara moja ni kuuza mbuzi. Lakini shilingi 70 kila juma katika kikundi, mwaka ukiisha zimetimia.

Kwa hivyo tunawashauri mambo matatu.

Kwanza, kabla ya kuchimba msingi, andikeni. Kiwanja ni cha nani? Muuguzi atalipwa na nani? Dawa zitatoka wapi, kuanzia mwezi gani? Kila upande utie sahihi, na nakala ikae kwa katibu wa kikundi.

Pili, nendeni kwenye mikutano ya bajeti ya kaunti. Katiba ya 2010 inatupa haki hiyo. Muuguzi ambaye hayumo katika bajeti ni ahadi ya mdomo tu.

Tatu, dawa zikifika, kamati ijue zimefika ngapi, na hesabu isomwe mbele ya watu kila mwezi. Si kwamba tunamshuku muuguzi. Zikiisha, yeye ndiye hulaumiwa, na hesabu iliyo wazi humlinda.

Kujitolea tunakujua, mabwawa na madarasa yetu yanashuhudia. Tusichokizoea ni kumwuliza mkubwa, "Na wewe unaleta nini, lini?" Tunaona aibu, kana kwamba tunaomba. Hatuombi. Mwenye kubeba mchanga ni mshirika, na mshirika ana haki ya kuuliza.

Mkirudi nyumbani, tazameni zahanati iliyo karibu nanyi. Figa gani halipo? Anzeni hapo.