Tovuti ya Mradi Inahitaji Mwenyewe

(Mada iliyotolewa katika semina ya kamati za parokia na wafadhili kuhusu miradi ya kujiongezea kipato)



Tumeombwa tuzungumzie namna ya kupanga na kutunza tovuti ya mradi wa biashara kwa msaada wa wataalamu. Huenda wengine mnajiuliza: sisi wenye hosteli ya vyumba kumi na viwili, au karakana ya useremala, tovuti ya nini? Mgeni atokaye mbali hutafuta mahali pa kulala kabla hajapanda basi. Shule inayotaka madawati huanza kutafuta fundi kwenye simu kabla ya kumtuma mtu. Asiyeonekana hapo hahesabiwi. Na kwa kuwa mapato ya hosteli ndiyo yanayosaidia kununua dawa za zahanati, mgeni aliyekosekana ni dawa iliyokosekana.

Hata hivyo, kufungua tovuti siku hizi si kazi kubwa. Kazi kubwa ni kuifanya iwe hai mwaka wa tatu na wa nne, na hapo ndipo miradi mingi hushindwa.

Somo la kisima

Habari za visima tunazijua sote. Pampu inafungwa, utepe unakatwa, picha zinapigwa. Baada ya muda kipande kidogo cha mpira kinachakaa. Hakuna fedha iliyotengwa kukinunua, hakuna aliyekabidhiwa spana, na akina mama wanarudi mtoni. Ndiyo maana kamati za maji zilifundishwa kuwa na mfuko wa matengenezo na fundi wao wa kijiji.

Tovuti nayo ni hivyo hivyo. Ikiachwa bila matunzo, bei zinabaki za zamani, simu iliyoandikwa haipatikani, na siku moja mteja anafungua anwani na kukuta haipo. Mteja huyo haleti malalamiko. Anakwenda kwa mwingine.

Jina ni kiwanja

Tovuti ina sehemu tatu: jina, yaani anwani yake; seva, yaani kompyuta inayoihifadhi; na yaliyomo, yaani maneno na picha. Kati ya hizo, jina ndilo kiwanja. Nyumba ikibomoka unaweza kujenga nyingine, lakini kiwanja kikipotea utajenga wapi?

Majina ya Tanzania huishia na .tz, na taasisi ya tzNIC ilianzishwa mwaka 2006 kwa ajili ya kuyasimamia. Biashara hutumia .co.tz, mashirika yasiyo ya kibiashara hutumia .or.tz. Wenzetu wa Kenya wana .co.ke. Jina halinunuliwi mara moja kwa maisha yote. Linaandikishwa kwa mwaka mmoja au zaidi, kisha hulipiwa tena. Lisipolipiwa hatimaye linaachiwa, na mtu yeyote anaweza kuliandikisha. Hapo kibao chenu cha barabarani, stakabadhi zenu na vipeperushi vyenu vyote vinampeleka mteja kwa mgeni msiyemjua.

Swali la kwanza ni hili: jina limeandikishwa kwa nani? Mara nyingi kijana aliyejenga tovuti huliandikisha kwa jina lake na barua pepe yake, pengine bila nia mbaya. Akihamia mji mwingine au wakitofautiana na kamati, parokia inakuwa mpangaji katika nyumba yake yenyewe. Jina liandikishwe kwa mradi, kwa barua pepe ya ofisi ambayo watu wawili wanaisoma.

Wapo wanaosema ukurasa wa Facebook na kikundi cha WhatsApp vinatosha. Vitumieni, kwa maana wateja wengi wako huko. Lakini hiyo ni meza katika soko la mtu mwingine. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa saa sita hivi. Mwaka 2009 kampuni ya Yahoo iliifunga huduma ya GeoCities, iliyokuwa imewapa watu kurasa za bure tangu miaka ya 1990. Mwenye anwani yake mwenyewe angeweza kuhamishia kurasa zake kwingine bila kumpoteza mteja. Basi meza ya sokoni iwaelekeze watu nyumbani kwenu.

Kupanga kabla ya kumwita fundi

Kamati ikae kwanza na kujibu maswali machache. Mteja wetu ni nani? Akishatuona tunataka afanye nini: apige simu, aweke nafasi ya chumba, au aagize kiti? Nani atamjibu, na kwa muda gani? Nani atabadilisha bei zikipanda? Kama swali la mwisho halina jibu, msianze bado.

Baada ya hapo kurasa tano zinatosha: sisi ni nani, huduma na bei, picha, namna ya kufika, na mawasiliano. Ziwe nyepesi. Wateja wetu wengi hufungua tovuti kwa simu ya mkononi na hulipia bando. Picha nzito inamla fedha kabla hajaona chumba. Kiswahili kiwepo kwa wateja wa hapa, na Kiingereza kwa wageni wa nje. Pia uandikisheni mradi kwenye ramani ya Google. Huduma hiyo ni ya bure, na Google huhakikisha kwanza kwamba anayeandikisha ndiye mhusika.

Mtaalamu na mkataba

Kazi hii inataka fundi, na fundi alipwe haki yake. Lakini mchagueni kwa makini. Msimwombe awaonyeshe tovuti aliyoimaliza mwezi uliopita. Mwambieni awaonyeshe aliyoijenga miaka mitatu iliyopita. Kama bado inafunguka na habari zake ni mpya, mmepata mtu. Kisha andikianeni mkataba wenye mambo haya:

1. Jina na nafasi kwenye seva viwe mali ya mradi.

2. Maneno ya siri yote yakabidhiwe kwa kamati, yawekwe katika bahasha iliyofungwa ndani ya kasha la fedha, na yabadilishwe kila mhusika anapoondoka.

3. Nakala ya akiba ichukuliwe kila mwezi na kuhifadhiwa mbali na seva. Angalau mara moja kwa mwaka ijaribiwe kurudishwa, maana nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu.

4. Programu zisasishwe. Tovuti nyingi hujengwa kwa WordPress, programu isiyolipiwa iliyotoka mwaka 2003. Ikiachwa bila kusasishwa, wezi wa mtandaoni hupitia matundu ya zamani yanayojulikana.

5. Cheti cha usalama, kile kinacholinda taarifa za mteja zikiwa njiani, kihuishwe kwa wakati. Let's Encrypt hutoa vyeti bure, lakini havidumu muda mrefu.

6. Watu wawili wa mradi wafundishwe kubadilisha bei na picha wenyewe.

Malipo yafanywe kwa awamu, na awamu ya mwisho itolewe baada ya bahasha ya maneno ya siri kufika mezani.

Kuna pia suala la sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hosteli inayokusanya majina, simu na namba za pasipoti za wageni inaguswa nayo, na wanaokusanya taarifa hizo wanatakiwa kujiandikisha kwenye Tume husika. Mwulizeni mtaalamu taarifa za wageni zinakaa wapi na nani anaziona.

Neno kwa wafadhili

Wafadhili wetu, mmezoea kupokea maombi ya fedha za kujenga. Tunawaomba mkubali mstari mwingine katika bajeti: matunzo ya miaka mitatu. Si mstari unaopendeza kwenye picha, lakini bila huo fedha za kujenga zinapotea. Nanyi mna haki ya kudai mambo mawili. La kwanza, mradi uchangie matunzo hayo kutoka katika mapato yake, kidogo mwaka wa kwanza, zaidi wa pili, na wote baada ya wa tatu. La pili, msipokee sifa za uzuri wa tovuti. Ombeni daftari linaloonyesha simu na maagizo yaliyoletwa nayo. Kama daftari ni tupu kwa mwaka mzima, afadhali fedha ziende kwenye magodoro.

Ndugu wajumbe, mkirudi nyumbani kila kamati iandike mambo manne katika karatasi moja: jina la tovuti yetu limeandikishwa kwa nani, linaisha muda lini, maneno ya siri yako mikononi mwa nani, na bei zilibadilishwa mara ya mwisho lini. Karatasi hiyo ije katika kikao cha robo mwaka ijayo. Penye swali lisilo na jibu, tutaanzia hapo.