Fyuzi na Sakiti Breka: Walinzi Wawili wa Nyumba



Leo twasema juu ya moto unaoanzia kwenye nyaya. Umeme wa Zambia ni volti 230. Jiko la wati 2,000 na birika la wati 2,000, vikiwashwa pamoja, huvuta zaidi ya ampea 17. Njia iliyokadiriwa ampea 15 imezidiwa. Nyaya zake hupata moto na ganda huweza kuyeyuka.

Fyuzi ina uzi mwembamba unaoyeyuka na kuukata umeme. Bei yake ni nafuu, nayo hulinda vyema, lakini ikishaungua haitumiki tena. Hapo ndipo hatari huingia. Mwenye kuhofia samaki wake waliomo ndani ya friza hutia waya mnene wa shaba au msumari. Taa huwaka, ila mlinzi ameondolewa.

Sakiti breka hujikata yenyewe, kisha hurudishwa kwa kidole. Ni ghali zaidi, lakini haimpi mtu sababu ya kutafuta msumari. Ikijikata tena na tena, msiilazimishe: kuna kasoro. Wala fyuzi wala breka ya kawaida haitoshi kumwokoa aliyeshika waya uchi. Kazi hiyo ni ya kifaa kinachojikata umeme unapovuja miliampea 30.

Basi, twawaomba: penye fyuzi iliyofungwa kwa waya wa kubahatisha, zimeni swichi kuu, mkamwite fundi mwenye leseni kabla ya usiku.