Je, Kupiga Resi Hadi Mwisho Kunaiharibu Injini ya Lori?
Mazungumzo na wanunuzi na wamiliki wa malori, Bariadi



Tumechagua kuzungumza nanyi juu ya sauti ambayo kila mkazi wa mkoa huu anaijua. Msimu wa pamba unapoanza, malori hupanga foleni kwenye milango ya vinu vya kuchambulia pamba, na mara kwa mara dereva mmoja, akiwa amesimama tu, hukanyaga mafuta hadi pedali igote sakafuni. Injini hupaza sauti, moshi hutoka, na watu hugeuka kutazama. Madereva hukuita kupiga resi. Mwenye lori akisikia, moyo humwenda mbio. Anayetaka kununua lori akisikia, huenda akavutiwa na kusema, "Injini hii ina nguvu." Katika maoni yetu, wote wawili huenda wanakosea, na kosa la huyu wa pili ndilo lenye gharama kubwa zaidi.

Tuchukue mfano. Ndugu watano wa Itilima wameuza pamba ya misimu miwili, wakauza na ng'ombe kadhaa, wakachanga fedha ili wanunue lori lililotumika. Dalali anawaonyesha lori. Injini tayari imepata moto kabla hawajafika. Anapanda, anapiga resi mara tatu, anashuka akitabasamu. Ndugu hao wanalipa. Kabla mwezi haujaisha lori linaanza kula oili, nguvu zinapungua, na fundi anawaambia injini inahitaji kufunguliwa yote. Je, ni resi ya dalali iliyoiua injini ile? La. Injini ilikuwa imekwisha kuchoka, na resi ilitumika kuufunika uchovu wake. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma.

Basi tujibu swali lenyewe kwanza. Injini ya dizeli ina kifaa kiitwacho gavana, ambacho kazi yake ni kuizuia isizunguke kupita kiwango kilichowekwa na mtengenezaji. Katika malori ya zamani gavana alikuwa ndani ya pampu ya dizeli, akiendeshwa na vizito na springi. Katika malori ya sasa kazi hiyo inafanywa na kompyuta ya injini: inapima mizunguko, na inapofika kikomo inapunguza dizeli inayoingia kwenye mitungi. Injini kubwa za malori ya masafa marefu kwa kawaida huwekewa kikomo cha mizunguko 2,000 na kidogo kwa dakika. Zile za malori ya kati huruhusiwa kwenda juu zaidi. Hata dereva akikanyaga kwa miguu miwili, injini inayosukumwa na dizeli yake yenyewe haitapita hapo, maadamu gavana ni mzima.

Kikomo hicho hakikuwekwa ukingoni mwa maangamizi. Mtengenezaji hukiweka mahali ambapo vyuma vinaweza kustahimili, akaacha na nafasi ya usalama juu yake. Ushahidi ni huu: katika nchi nyingi za Ulaya, ukaguzi rasmi wa moshi wa magari ya dizeli hufanywa kwa kupiga resi. Gari likiwa limesimama bila mzigo, mkaguzi hukanyaga mafuta kwa haraka hadi gavana anapozuia, huku kifaa kikipima weusi wa moshi. Kama tendo hilo peke yake lingekuwa linaua injini nzima, ukaguzi huo usingewezekana. Lakini angalieni masharti yake: kabla ya kukanyaga, mkaguzi huhakikisha kwamba injini imepata moto, na huangalia kama ina oili ya kutosha na kama hakuna dalili ya ubovu.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: injini ya kisasa iliyo nzima, yenye oili safi na iliyopata moto, haidhuriki kwa kufikishwa kwenye kikomo chake mara chache na kwa muda mfupi. Inapoteza dizeli bila kusogea hata hatua moja, nalo ni hasara ya mfukoni, lakini haivunjiki. Madhara yanatokana na mambo mengine, nasi tungependa kuyataja moja baada ya jingine.

La kwanza ni kupiga resi injini ikiwa baridi. Alfajiri, baada ya lori kulala nje, oili imekuwa nzito nayo huchukua muda kufika kwenye beringi na kwenye tabo. Anayewasha na kukanyaga papo hapo anavisugua vyuma kabla havijapata ulainisho. Subirini taa ya oili izime, kisha ondokeni taratibu bila kuilazimisha hadi ipate moto wake. Si lazima kuiacha ikinguruma nusu saa nzima. Huko nako ni kuchoma dizeli bure.

La pili ni kuzima injini ghafla baada ya kazi nzito au baada ya kupiga resi. Tabo ya lori ikiwa kazini inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nayo inapata oili kutoka kwenye injini. Ukizima ghafla, oili inakatika wakati tabo bado inazunguka na bado ina joto kali. Oili iliyobaki ndani huungua na kugeuka masizi. Ile desturi ya kupiga resi moja ya mwisho kisha kuzima, kama kutoa kwaheri, haina faida yoyote na ina hasara. Iacheni injini itulie dakika chache, kama kitabu cha lori kinavyoelekeza, ndipo mzime.

La tatu, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni mteremko. Gavana anaweza kuzuia dizeli tu. Hawezi kuyazuia magurudumu. Lori lenye shehena linalorudi kutoka Dar es Salaam, likiteremka Sekenke kuelekea Shelui na Igunga, linasukumwa na uzito wake. Dereva akiingiza gia ndogo kuliko mwendo alionao, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, nayo itapita kikomo ijapokuwa mguu wake haupo kwenye mafuta. Nguvu zinazovuta pistoni na mkono wake haziongezeki sawasawa na mizunguko, bali kwa mraba wake. Injini iliyotoka mizunguko 2,000 ikafika 2,400 imeongezeka kwa sehemu moja ya tano tu, lakini mvutano juu ya vyuma umepanda kwa asilimia 44. Ikifika 3,000, mvutano ni zaidi ya mara mbili. Hapo valvu hushindwa kufunga kwa wakati na kugongana na pistoni, boliti za mikono hukatika, na injini hupasuka. Mwenye lori anayemkaripia dereva kwa resi ya kwenye foleni, asimuulize kamwe anateremkaje Sekenke, anaulinda mlango wa mbele huku wa nyuma uko wazi. Na kanuni ya mteremko haijabadilika: gia huchaguliwa juu, kabla ya kuanza kushuka.

La nne ni kuchezea kikomo. Wapo wanaoahidi kuongeza nguvu kwa kubadili programu ya kompyuta ya injini au kulegeza gavana wa zamani. Anayekubali anaiondoa ile nafasi ya usalama tuliyoitaja, na kama lori lilikuwa na dhamana, huenda ameipoteza.

Tuongeze neno moja kwa wale wanaodhani kwamba mizunguko midogo daima ni salama. Kupandisha mlima na mzigo mzito kwa gia kubwa, injini ikitetemeka na kunguruma chini kwa chini, nako kunaichosha na kuipandisha joto. Katika malori mengi ya kisasa kisahani cha mizunguko kina eneo la kijani. Hilo ndilo eneo la kufanyia kazi. Barabara ya lami kutoka Lamadi kupita Bariadi na Maswa hadi Mwigumbi haina milima mirefu. Dereva anayeitembea ndani ya eneo la kijani huokoa dizeli na injini kwa pamoja.

Sasa turudi kwa wale ndugu watano, kwa sababu wao ndio waliotufanya tuchague mada hii. Walipaswa kufanya nini?

Kwanza, wangetaka kuikuta injini ikiwa baridi. Gusa kwa tahadhari. Ikiwa ina joto, uliza kwa nini, na ikibidi rudi kesho asubuhi. Injini iliyochoka huonyesha siri zake inapowashwa baridi: inasumbua kuwaka, inagonga, inatoa moshi mwingi.

Pili, wangesikiliza injini ikinguruma taratibu bila kukanyagwa, kwa sababu kelele ya resi huweza kufunika mgongano mdogo wa beringi. Muuzaji anayeharakisha kukanyaga aombwe kwa adabu aondoe mguu.

Tatu, wangetazama moshi. Moshi mweusi unaoendelea huonyesha dizeli imezidi au hewa haitoshi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ilipopata moto huweza kuwa dizeli isiyoungua au maji yanayoingia kwenye mitungi. Kisha wafungue kifuniko cha kujazia oili injini ikinguruma. Upepo mwingi wa moshi ukitoka hapo, ni dalili kwamba pistoni na mitungi vimelika.

Nne, wangelijaribu lori likiwa na mzigo, barabarani. Resi ya mahali pamoja haina mzigo, hivyo haithibitishi nguvu hata kidogo. Katika injini nyingi za malori makubwa ya kisasa, kompyuta pia huhifadhi kumbukumbu ya hitilafu na ya nyakati ambazo injini ilipita kikomo. Fundi mwenye kifaa cha kusomea anaweza kuzitoa. Gharama ya fundi huyo ni ndogo sana ikilinganishwa na gharama ya injini, mradi awe fundi uliyemchagua wewe, si aliyeletwa na muuzaji.

Tano, wangeandika. Maneno "injini nzima, haijafunguliwa" yakisemwa hewani huondoka na upepo. Yakiwa kwenye mkataba, pamoja na namba ya injini na ya chesisi, majina ya mashahidi na tarehe, hubaki. Dai risiti halali kwa mfanyabiashara. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji. Lakini mlalamikaji asiye na karatasi husimama kwa mguu mmoja.

Kwa wamiliki tunaomba jambo moja la haki. Injini inapokufa, msikimbilie kumkata utingo au dereva mshahara kwa sababu alisikika akipiga resi wiki iliyopita. Ulizeni kwanza: oili ilibadilishwa lini? Chujio la hewa, katika vumbi letu la kiangazi, lilisafishwa au kubadilishwa lini? Taa ya onyo iliwaka tangu lini, na nani aliambiwa akanyamaza? Ulizeni na kompyuta ya injini, kama ipo. Mtu asihukumiwe kwa kelele.

Na kwa madereva: kwa kuwa tumesema resi haiui injini nzima, msiitafsiri kuwa ruhusa. Dizeli ile imenunuliwa, moshi ule unavutwa na mama muuza uji aliye kando ya foleni, na ninyi wenyewe hamwezi kujua kwa hakika kama injini mliyokabidhiwa ni nzima.

Ndugu zetu, lori katika mkoa huu ni shamba la pili. Fedha zinazolinunua zimetoka kwenye jembe, kwenye jua na kwenye zizi. Anayezitoa baada ya kusikia ngurumo tatu amenunua mbuzi kwenye gunia. Anayezitoa baada ya kuamka mapema, kuikuta injini baridi, kusikiliza, kutazama, kupima na kuandika, amenunua lori.