Shule Zilizofungwa Miaka Mitano



Kila mwezi wa Februari ndugu zetu wa Marekani hufanya sherehe ya historia ya mtu mweusi katika shule za Serikali. Picha hubandikwa, nyimbo huimbwa. Twafurahi nao. Lakini Carter G. Woodson, aliyelianzisha jambo hili mwaka 1926, hakutaka picha tu. Alizaliwa Virginia mwaka 1875, wazazi wake wakiwa wametoka utumwani. Akachimba makaa ya mawe, akaingia sekondari akiwa na miaka 20, na mwaka 1912 akapata udaktari wa Harvard. Alitaka mtoto mweusi ajue matendo ya wazee wake, asije akaamini maneno ya wanaomdharau.

Sasa tazameni wilaya iliyopakana na ile aliyozaliwa, nayo ni Prince Edward. Mjini Farmville sekondari ya weusi ilijengwa kwa wanafunzi 180. Mwaka 1951 walikuwamo zaidi ya 450. Wazazi waliomba shule mpya, wakapewa ahadi, na vibanda vilivyoezekwa karatasi za lami. Tarehe 23 Aprili msichana wa miaka 16, Barbara Johns, alifanya hila mwalimu mkuu akaitwa mjini, akawakusanya wenzake ukumbini, akawaambia walimu watoke. Shule nzima ikagoma.

Mawakili wa chama cha NAACP wakawaambia wazi: hatutadai shule nzuri ya weusi peke yao, tutadai kalaba yenyewe ivunjwe. Wakakubali. Kesi yao ikaunganishwa na za majimbo mengine matatu, na tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ikatoa hukumu kwamba kutenga watoto kwa rangi ni kinyume cha sheria. Kiongozi wa mawakili hao alikuwa Thurgood Marshall, yule yule aliyekwenda London mwaka 1960 kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House. Wazee wetu waliozijua shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika hawakuhitaji kufasiriwa kesi yake.

Je, wakubwa wa Prince Edward waliitii hukumu? Mwaka 1959 walifunga shule zote za Serikali! Wazungu wakawafungulia watoto wao shule ya binafsi. Watoto weusi wakaachwa.

Hapo ndipo tunapoona maana ya kumsaidia mwanafunzi. Wanawake walikusanya watoto makanisani wakawafundisha kusoma na kuhesabu. Wengine walipelekwa majimbo ya mbali, wakakaa na watu wasiowajua, ili wasome tu. Lakini wengi walibaki nyumbani na mashambani. Mwaka 1963 zilifunguliwa shule za bure kwa fedha za michango, na mwaka 1964 Mahakama Kuu ikalazimisha zile za Serikali zifunguliwe.

Kwa hiyo tunawauliza wakuu wa shule wanaobandika picha za Februari: mtoto mweusi aliyeketi chini ya picha hiyo ana kitabu? Ana mwalimu anayemtazamia kufaulu?

Jimbo la Virginia lilianzisha msaada wa masomo kwa walionyimwa shule mwaka 2004. Aliyekuwa na miaka 6 milango ilipofungwa, sasa alikuwa na miaka 51.