Mgongo wa mwenye kurudi shambani
Mafundisho kwa memba wa Butembo na Beni



Leo tunasema juu ya mgongo. Toka mwezi wa kumi 2014, mauaji ya upande wa Beni yametukimbiza mara nyingi. Wengine wetu tumekaa miezi, wengine miaka, mu nyumba za ndugu huko Butembo ao mu mji wa Beni. Tunashinda tumekaa chini, tunalala kwenye mkeka mwembamba, jembe hatulishiki. Siku njia inafunguka, tunakuta shamba limekuwa pori. Na juu mvua iko karibu, mtu anataka kulima yote mu juma moja. Siku ya tatu hawezi kuinuka.

Inatokea namna gani? Kuna misuli inayotoka kwenye uti wa mgongo, chini, inapita mbele ya nyonga na kufika kwenye paja. Tukikaa sana, hiyo misuli inakaza. Ile ya nyuma ya paja pia inakaza. Kisha tukiinama na jembe la mpini mfupi, nyonga hazikunjiki vizuri, kazi yote inaangukia kiuno. Misuli ya mgongo inachoka, inajikaza ili kulinda mahali panapouma. Lakini msuli uliokaza nao unauma, na tukisikia maumivu tunazidi kujikaza. Tunazungukaka hapo hapo.

Tena kuna jambo letu sisi tuliokimbia. Mwenye kulala akisikiliza kama masasi yanalia, mwili wake haupumziki. Mabega yanapanda, meno yanabana, pumzi inakuwa fupi. Asubuhi anaamka amechoka na mgongo unauma zaidi. Mtu asimwambie kwamba anajifanya. Maumivu yake ni ya kweli.

Na hatuko peke yetu. OMS, shirika la afya la ulimwengu, inasema kwamba mu mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno. Mu mwezi wa 12, 2023, ilitoa mashauri kwa wenye kuumwa muda mrefu: wafundishwe juu ya hali yao, na wafanye mazoezi. Kulala kitandani siku nyingi kunazidisha ugumu. Kwa hiyo tutembee, hata kidogo kidogo.

Haya tunaweza kuyafanya nyumbani, asubuhi na mangaribi:

Kwanza, lala chali kwenye mkeka, vuta magoti yote mawili kifuani, hesabu mpaka 20 huku unapumua polepole. Rudia mara tatu.

Pili, ukiwa chali, pitisha kitenge kwenye unyayo, inua mguu mpaka usikie nyuma ya paja inavutika. Kisha mguu wa pili.

Tatu, piga goti moja chini, mguu mwingine mbele, sukuma kiuno mbele polepole. Hii inafungua nyonga.

Kuvutika ni sawa. Kama inachoma ao inashuka mpaka mguuni, uache. Kitambaa cha maji ya moto, yasiyounguza, dakika 15 kwenye kiuno, kinasaidia kulegeza.

Shambani, juma la kwanza tulime nusu ya siku. Kila mara tunapomaliza mstari, tusimame, mikono kiunoni, tujinyooshe nyuma mara tano. Kisha tubadilishe kazi. Bido ya litre 20 ikijaa inafikia kilo 20. Heri bido mbili za 10, moja kila mkono. Ba mama wanaobeba kwa kamba ya kipaji, musiinuke na mzigo peke yenu: mwenzako akusaidie kuuinua, na mupumzike njiani.

Juu ya sindano za maumivu zinazouzwa ovyo: zinaweza kutuliza siku mbili, lakini misuli inabaki imekaza, na sindano isiyo safi inaleta jipu. Hata vidonge tuulize kwanza, zaidi wenye vidonda vya tumbo na wenye mimba.

Lakini kuna mgongo ambao si wa mazoezi. Mguu ukilegea, ukisikia ganzi katikati ya mapaja, mkojo ukikataa kutoka ao ukitoka wenyewe, nenda hospitali siku ile ile. Na kama kuna homa, umekonda bila sababu, maumivu yanakuamsha kila usiku, ao yalianza kisha kuanguka, nenda kwa muganga bila kukawia. Kifua kikuu nacho kinaweza kuingia mu uti wa mgongo, na kina dawa.

Tunamaliza na ombi. Memba, turudishe likilimba ya kulima: watu watano shamba moja, kesho shamba lingine. Mwenye mgongo mubaya apewe kazi ya kupanda mbegu ao kupika, na shamba lake lilimwe pamoja na mengine, asikose msimu. Na ninyi wafadhili, mukitupatia majembe, tunaomba yaje na mipini mirefu. Bei haizidi sana, na mtu anaweza kulima bila kukunjika siku nzima.