Moyo wa Mwalimu na Kazi Yake

Jioni hii twapenda kunena habari za mtu ambaye hapana kijiji kisichomjua, naye ni mwalimu wa shule ya msingi. Mara nyingi twasikia wazazi wakinung'unika kwamba mtoto amemaliza darasa la pili wala hawezi kusoma barua ya mistari mitatu. Lawama yote humwangukia mwalimu: ni mvivu, haipendi kazi yake. Pengine ni kweli. Lakini twauliza, ni kitu gani kimtiacho mtu moyo wa kazi, na ni kitu gani kiuvunjacho moyo huo?

Wako wasemao kwamba dawa ni fedha tu. Wengine husema, la, mpeni vitabu, chaki na madawati, naye atafundisha. Maneno haya mawili yalijaribiwa katika nchi ya Tanzania, mwaka 2013 na 2014, na shirika liitwalo Twaweza, katika jaribio lililopewa jina la KiuFunza. Zilichaguliwa shule 350 katika wilaya 10, zikagawanywa kwa kura ili pasiwe na upendeleo. Shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, zinunue vitabu na vifaa vya kufundishia. Shule nyingine 70 hazikupewa ruzuku, bali walimu wa darasa la kwanza, la pili na la tatu waliambiwa kwamba kwa kila mtoto atakayefaulu mtihani wa Kiswahili, wa Kiingereza au wa hesabu, mwalimu wa somo hilo atapata shilingi 5,000 juu ya mshahara wake. Shule 70 zilipata yote mawili. Zile 140 zilizobaki ziliachwa kama zilivyokuwa, ziwe kipimo.

Je, ilikuwaje? Katika shule zilizopewa ruzuku peke yake, watoto hawakuwazidi wenzao kwa elimu. Zilizoahidiwa bakshishi peke yake zilipata faida kidogo, tena isiyo thabiti. Bali zile zilizopata vyote viwili, watoto wao waliendelea kupita hata jumla ya faida za makundi yale mawili yakiwekwa pamoja.

Jambo hili si gumu kwa mtu wa shamba kulifahamu. Mkulima asiye na hamu ya kulima, ukimpa jembe jipya litashika kutu mlangoni. Na mwenye hamu asiye na jembe atachakura ardhi kwa kijiti mpaka achoke, kisha atakwenda kuketi kivulini. Mwalimu mwenye watoto themanini na kitabu kimoja yu karibu sana na kivuli hicho.

Wala tusidhani kwamba ni shilingi tu iliyofanya kazi katika shule zile. Haya ni mawazo yetu wenyewe: palikuwa na mtu aliyetoka mbali, akaketi na mtoto mmoja mmoja, akamwambia, soma. Mwalimu alijua mapema kuwa kazi yake itatazamwa. Kuna walimu wengi ambao tangu Januari hata Desemba hapana aingiaye darasani mwao. Afundishaye vizuri na asiyefundisha kabisa, wote ni sawa mbele ya watu. Na mtu akiona hivyo mwaka baada ya mwaka, moyo hulegea, hata kama mshahara haukuchelewa.

Tena kuna nyumba. Mwalimu aliyepanga chumba kinachovuja, mwendo wa saa moja na nusu kutoka shuleni, hufika amelowa na amechoka, na kengele imekwisha kulia. Hapo kijiji kina uwezo wa kufyatua matofali bila kungoja amri ya mtu.

Na wazazi je? Ni wangapi hulifungua daftari la mtoto jioni? Wengi wetu huenda shuleni kwa mambo mawili tu: mtoto amepigwa, au michango imezidi. Kwa hiyo mwalimu akimwona mzazi anaikata njia ya uwanjani asubuhi, huacha chaki, akaanza kuwaza ni kosa gani alilolifanya.